Mashine haikuniuliza mlango unafungukia wapi: uzi kuhusu video za muziki na katuni za AI

#1 Mleta mada

Wakuu, salaam. Uzi ni mrefu, kwa hiyo nitaushusha vipande vipande. Mwenye la kusema aseme tu, asisubiri nimalize.

Mimi ni mwanamuziki nisiye na lebo. Naandika, naimba, narekodi chumbani na kusambaza mwenyewe. Kwa watu wa aina yangu, video ndiyo inayouma kuliko yote. Wimbo unaweza kuukamilisha ukiwa na maikrofoni moja na subira, lakini video inataka watu: wa kamera, wa taa, wa kuediti, wa kusimama mbele ya kamera na kurudia tendo lile lile mara kumi. Ndiyo maana AI ilipoanza kutoa picha zinazotembea niliikimbilia kama mwenye kiu. Nimeitumia kwa nyimbo mbili. Video ya kwanza nimeiondoa hewani. Ya pili ipo, na naipenda. Katikati ya hizo mbili kulikuwa na mchoraji wa katuni, mtu wa nyama na damu, na yeye ndiye aliyenibadilisha mawazo yote.

Wimbo uliotuanzishia haya unahusu mama ambaye mwanawe aliondoka bila kuaga. Tangu siku ile mama hakufunga mlango usiku. Beti tatu, kiitikio kifupi, dakika tatu na nusu.

#2 Mleta mada

Toleo la kwanza nililifanya peke yangu kwa usiku tatu. Nilichukua mashairi yangu nikageuza kila mstari kuwa prompti, yaani maelezo ya kuiomba mashine picha: mlango wa mbao umeachwa wazi kidogo, taa inawaka ndani, nje giza. Nikaomba mtindo wa rangi za maji. Baada ya dakika chache nikapewa mlango mzuri kuliko wote niliowahi kuuwaza. Nilifurahi sana, na furaha ile ilikuwa ya kweli.

Nilipounganisha klipu ndipo nikaona. Kwenye klipu ya kwanza bawaba zilikuwa kushoto, kwenye ya nne zikahamia kulia, kwenye ya tisa mlango ukawa na vioo. Shuka la mama lilianza bluu likaishia kijani. Uso wake ulizeeka na kurudi ujanani bila wimbo kusema lolote kuhusu miaka. Nikajipa moyo: si katuni tu, katuni inaruhusu. Nikaipandisha.

Kwa anayetaka kujua kwa nini inatokea hivyo: mashine hizi nyingi hufunzwa kwa picha zilizochafuliwa kwa chenga, mfano wa zile za televisheni isiyoshika mawimbi, kisha zinajifunza kuziondoa chenga hizo. Ukiomba mlango, inaanza na chenga tupu na kuzisafisha hatua kwa hatua hadi kitokee kitu kinachofanana na milango iliyofunzwa. Ukiomba tena, inaanza upya. Haina kumbukumbu ya mlango *wako*. Zipo njia za kuibana, kama kuipa picha ya kuanzia au picha kadhaa za mhusika mmoja, na zinasaidia kweli. Lakini hata ukiibana bawaba zikatulia, lipo tatizo jingine lililonigusa zaidi, na msikilizaji mmoja aliliona kabla yangu.

#3 Msikilizaji

Nadhani msikilizaji mwenyewe ndiye mimi, maana nilikuandikia siku ile. Nilikuwa nimeusikiliza wimbo wako bila video kwa wiki kadhaa, nikiwa naosha vyombo, nikiwa njiani. Kila mara nilimwona mama yangu. Siku niliyotazama video nikamwona mama wa kwenye video. Ukisema "mvua", mvua inanyesha. Ukisema "taa", taa inawaka. Nikajikuta nimeacha kusikiliza maneno kwa sababu kila nililotaka kuwaza lilikuwa limeshawazwa. Picha zilikuwa nzuri mno. Sikuwa na kosa la kuonyesha, ila nilijihisi nimepokonywa kitu.

#4 Mleta mada

Ni wewe kabisa, na asante. Ule ujumbe niliusoma mara nyingi.

Hapo ndipo nilipoelewa nilichokosea, na halikuwa kosa la mashine. Kuitafsiri kila nomino ya wimbo kuwa picha ni kurudia, na kurudia kunaua. Maana ya wimbo hukaa kati ya neno na neno, pale mwimbaji anapovuta pumzi. Mama haimbi "nina huzuni". Anaimba kuhusu komeo. Picha ikimwonyesha analia, komeo linakuwa komeo tu.

Nikaiondoa video. Nikatafuta mchoraji, tukakubaliana nimlipe kidogo kidogo. Kabla hajachora chochote aliusikiliza wimbo, kisha akanitumia maswali. La kwanza lilikuwa hili: "Mlango unafungukia ndani au nje?"

Sikujua. Wimbo wangu mwenyewe, niliouimba labda mara mia mbili, sikujua mlango wake unafungukia upande gani. Akaendelea: mama amelala akiutazama mlango au ameupa mgongo? Sisi watazamaji tupo ndani na mama, au nje na mtoto? Taa inawashwa na nani asubuhi ikiwa mafuta yameisha?

Nilikaa na maswali yale siku mbili. Na hilo ndilo ninalotaka kulisema katika uzi huu wote: mashine haiulizi. Ukiipa sentensi yenye matundu inayaziba yote papo hapo, kwa rangi nzuri, na wewe hujui kwamba tundu lilikuwepo. Mtu anayechora kwa mkono hawezi kuchora bawaba bila kuamua ziko wapi, kwa hiyo lazima aulize. Swali lake linarudi kwenye wimbo na kuukuta haujaiva.

#5 Mwanamuziki mwenzio

Mkuu, nakuheshimu, lakini naomba nipinge kidogo. Wewe ulipata mchoraji aliyekubali kulipwa kidogo kidogo. Wengine tumeomba miaka hatujapata. Nina nyimbo kumi na moja zisizo na picha hata moja. Watu wanasikiliza kwa macho siku hizi, wimbo usio na kitu cha kuonyesha unapitwa. AI imenipa video yangu ya kwanza maishani. Ukiniambia haiulizi, nakubali, ila imenijibu pale ambapo hakuna binadamu aliyenijibu.

Halafu tusisahau, kila kifaa kipya kililaumiwa. Rotoskopu ya Max Fleischer, ya kuchora juu ya filamu ya mtu halisi, ilibuniwa mwaka 1915 hivi, na wapo walioiona ni njia ya mkato. Leo tunaiita sanaa.

#6 Mleta mada

Ndugu yangu, sitakupinga kwenye nyimbo kumi na moja. Najua uzito wa wimbo uliokaa kwenye kompyuta bila mtu kuuona. Anayekuambia usitumie AI mpaka upate fedha za mchoraji anakuambia unyamaze.

Ila huo mfano wa rotoskopu naupenda kwa sababu unasema zaidi ya ulivyokusudia. Chukua "Take On Me" ya bendi ya a-ha. Wimbo ulitoka kwanza mwaka 1984 haukwenda mbali. Mwaka 1985 ukarekodiwa upya, na Steve Barron akauongozea ile video ya penseli. Michael Patterson na Candace Reckinger walichora juu ya filamu maelfu ya fremu, yaani picha moja moja zinazounda video, kazi ya miezi. Oktoba mwaka huo wimbo ulikuwa namba moja Marekani. Sasa angalia uamuzi uliofanywa: penseli haikutiwa kwa sababu inapendeza. Kuna dunia mbili, ya kuchorwa na ya kawaida, na mstari wa penseli ndio mpaka kati ya wapendanao. Ukiondoa penseli, kisa chenyewe kinakufa. Kifaa kilikuwa jibu la swali lililokwisha kuulizwa.

Swali langu kwako, kwa upendo: katika video yako, kwa nini ni katuni? Ukiwa na jibu, tumia kifaa chochote.

#7 Mhariri wa video

Mimi naediti video za wasanii, na sasa nusu ya ninazoletewa zina klipu za AI. Niongeze la ufundi maana naona hakuna anayeligusa: mashine nyingi za picha hazisikii wimbo wako.

Hebu tuhesabu. Tuseme wimbo una midundo 80 kwa dakika. Kwa fremu 24 kwa sekunde, kila mdundo ni fremu 18. Mita ya muziki, yaani fungu la midundo minne, ni fremu 72, yaani sekunde tatu kamili. Programu inakupa klipu ya sekunde tano. Sekunde tano ni mita moja na theluthi mbili ya nyingine. Ukiiweka nzima kama ilivyokuja, inakatika katikati ya sentensi ya muziki, na ya pili yake hivyo hivyo. Mtazamaji hajui kuhesabu mita, lakini mwili wake unajua, na atakwambia "sijui, inachosha".

Kwa hiyo kata. Ikija ya sekunde tano, chukua tatu, ama uiombe ndefu upate sita. Usikate kwa kuangalia urefu tu: tafuta fremu ambayo kitu kinatua, mguu unagusa chini, mlango unagonga mwimo wake, halafu hiyo ndiyo uiweke kwenye mdundo. Mimi naiweka fremu moja au mbili kabla, jicho linapokea vizuri zaidi. Na msichanganye klipu za fremu 24 na za 30 bila kuzibadilisha, mwendo unarukaruka.

Jingine. Kila klipu ya AI ninayoletewa ina kamera inayosogea polepole kuelekea mbele. Kila moja! Klipu arobaini za kamera inayosogea mbele ni sawa na mwimbaji anayepandisha sauti kila mstari. Iamuruni kamera isimame. Andikeni waziwazi kwamba kamera haitembei.

#8 Mleta mada

Hili la kamera nililigundua kwa kuchelewa. Asante sana mkuu, comment hii ingestahili uzi wake.

Niongezee hesabu ya mchoraji wangu. Dakika tatu na nusu ni sekunde 210. Kwa fremu 24 unapata fremu 5,040. Wachoraji wengi hushikilia kila mchoro kwa fremu mbili, kwa hiyo ni michoro 2,520. Nilipoisikia namba hiyo niliishiwa nguvu, nikajua hatutamaliza. Akasema hatuhitaji hata robo. Mama anasubiri, na mtu anayesubiri hatembeitembei. Akamchora mama mara moja, akamwacha atulie mita nne nzima, kitu pekee kinachosogea kikiwa pazia. Ubeti wa pili wote una picha sita. Watu wananiambia ndiyo sehemu inayowaliza.

Umaskini wa michoro ulimlazimisha kuchagua, na uchaguzi ukawa mtindo. AI inakuondolea umaskini huo. Kila sekunde inaweza kujaa. Ndiyo maana lazima umaskini ujitwike mwenyewe, kwa makusudi.

Hata wanaoijua vizuri wanafanya hivyo. Mwaka 2024 mwongozaji Paul Trillo alitengeneza kwa Sora, programu ya AI ya video, video ya "The Hardest Part" ya mwanamuziki Washed Out. Kwa maelezo yaliyochapishwa wakati ule, alizalisha klipu zipatazo 700 akatumia 55. Kazi haikuisha, ilihama. Ilitoka kwenye mkono unaochora ikaenda kwenye jicho linalokataa. Anayetumia klipu 55 kati ya 60 hajafanya kazi hiyo bado.

#9 Mchora katuni

Nimesoma kimya hadi hapa. Mimi ni mtu wa aina mnayoizungumzia, nachora kwa mkono, ila si yule wa mleta mada.

Nafurahi kusikia maswali yetu yanathaminiwa. Lakini kuna jambo linapitwa. Mashine hizo zilijifunza kwa michoro yetu, bila kutuuliza. Msanii anaandika prompti kwa kutaja mtindo wa mchoraji aliye hai, anapata kitu kinachofanana, mchoraji hapati hata salamu. Januari 2023 wachoraji walikwenda mahakamani Marekani kwa jambo hili. Juni 2025 Disney na Universal nao wakaishtaki Midjourney, kampuni ya picha za AI. Wakubwa wana mawakili. Mimi nina kalamu.

Na ninyi wanamuziki mnalijua hili kuliko yeyote. Mtu akichukua sauti yako akaifundishia mashine, ikaimba wimbo usiouimba, utakubali? Basi mchoro wangu ni sauti yangu.

#10 Mleta mada

Sina utetezi kwa hilo, na sitautafuta. Kwenye ile video niliyoiondoa, prompti zangu zilikuwa na jina la mchoraji aliye hai. Nilijua. Nilijiambia kila mtu anafanya. Siku niliposikia klipu ya mwimbaji ninayempenda "akiimba" kitu ambacho hakukiimba, tumbo lilinichafuka, na nikakumbuka prompti zangu. Tangu hapo sitaji jina la mtu. Najua hilo halimalizi tatizo, maana michoro bado imo ndani ya mashine, nikitaja nisitaje. Nimeamua jambo jingine dogo: kila wimbo ninaoufanyia video kwa AI, lazima mchoro wa kuanzia uwe wa mkono wa mtu aliyekubali na aliyelipwa, au wangu.

#11 Msanii anayeanza

Samahani kwa swali la kitoto. Nikitengeneza video kwa AI, ni mali yangu? Mtu akiichukua akaiwekea wimbo wake je?

#12 Mleta mada

Si la kitoto hata kidogo. Sheria hutofautiana nchi kwa nchi, nitakupa mfano mmoja uliowekwa wazi. Ofisi ya Hakimiliki ya Marekani ilitoa ripoti Januari 2025 ikisema prompti peke yake, kwa jinsi mashine zilivyo sasa, haitoshi kumfanya mtu mwandishi wa kilichotoka. Kinacholindwa ni mchango wa binadamu: mchoro wako unaoonekana ndani ya kazi, marekebisho uliyoyafanya kwa ubunifu, namna ulivyochagua na kupanga vipande. Kwa hiyo klipu moja tupu iliyotoka kwenye prompti inaweza kuwa haina mwenyewe kule, ila mpangilio wako wa video nzima unaweza kulindwa.

Wimbo wako unabaki wako, mashairi na rekodi. Hilo usitishike. Lakini hifadhi michoro yako ya awali, storibodi (michoro ya kupanga matukio ya video), mafaili ya kuediti yenye tarehe. Soma pia masharti ya programu kuhusu matumizi ya biashara, kwa sababu akaunti ya bure na ya kulipia mara nyingi hazina haki sawa. Na YouTube tangu Machi 2024 inataka useme ukiwa umeweka kitu cha kutengenezwa kinachoonekana kama cha kweli. Katuni ya wazi haiingii humo. Mimi nasema hata hivyo, kwenye maelezo chini ya video. Msikilizaji wangu ana haki ya kujua kilichochorwa na mkono.

#13 Mwanamuziki mwenzio

Nimerudi. Nimekaa na swali lako, "kwa nini ni katuni", tangu asubuhi. Ukweli ni kwamba sikuwa na jibu, nilitaka tu iwe na kitu. Ila kuna wimbo mmoja kati ya kumi na moja, unahusu mdogo wangu akiwa mtoto, na yeye alikuwa anachora. Daftari zake ninazo. Je, ile video yako ya pili uliifanyaje?

#14 Mleta mada

Ndugu yangu, una daftari zake! Umetuacha mbali sana.

Nilifanya hivi. Nilijiuliza maswali kama ya yule mchoraji, nikayaandika, sikugusa kompyuta mpaka yote yalipopata jibu. Mhusika anatoka wapi kabla wimbo haujaanza. Ana nini mkononi. Nani anamwona. Kisha nikachora storibodi kwa penseli, vijiti vya watu tu, nikapiga picha kila mchoro kwa simu na kuupanga juu ya wimbo kuanzia mwanzo hadi mwisho. Nikatazama hiyo video ya vijiti mara nyingi, nikatoa kila picha iliyorudia neno linaloimbwa. Zilibaki kumi na tisa.

Hapo ndipo AI ilipoingia. Michoro ile kumi na tisa niliichora upya vizuri kadiri ya uwezo wangu, nikaipa mashine kama fremu ya kuanzia, na kila mmoja nikauombea mwendo mmoja tu: mkono unashuka, moshi unapanda. Mdomo unaoimba niliuepuka kabisa, kwa sababu midomo ya AI ikikosea silabi moja msikilizaji haoni kingine. Michoro mitano mashine iliiharibu kila nilipojaribu, nikaiacha imesimama kama ilivyo. Inakaa vizuri.

Daftari za mdogo wako usizibadilishe ziwe nzuri. Mashine itataka kunyoosha mistari, itampa yule mtu vidole vitano wakati mtoto alimchora na vitatu. Mkatalie. Kama haiwezi kuviacha vitatu, piga picha kurasa zenyewe, zigeuze kwa mkono mbele ya kamera kwa kufuata mdundo, na AI usiihitaji.

#15 Mchora katuni

Kwa wimbo huo wa daftari, mkuu, nitafute ujumbe wa ndani. Niko tayari kukusaidia kupanga kurasa.

#16 Msikilizaji

Mleta mada, umetuacha hewani. Mlango ulifungukia wapi?

#17 Mleta mada

Ndani. Nililala nikiufikiria, nikaamka na jibu: mlango wa nyumba ile unafungukia ndani, kwa hiyo aliye nje hauvuti, anausukuma. Ubeti wa tatu ulikuwa unaishia "bisha hodi, mama yu macho". Tulikuwa tumesharekodi. Nilirudi chumbani nikaurekodi upya, na sasa unaishia "usibishe hodi, mwanangu, sukuma".